Sabuni, Mafuta na Bakteria: Pumu ya Ngozi Bariadi

Mtoto anayejikuna mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti mpaka damu huandamwa kwanza na ushauri wa sabuni. Bariadi, mkoani Simiyu, kama kwingi Tanzania, vipele vinavyowasha huhesabiwa uchafu, na dawa ya uchafu inajulikana: sabuni ya dawa, dodoki, na maji ikiwa yapo. Hoja yangu ni kwamba kwa pumu ya ngozi (ekzema) ushauri huo humwongezea mgonjwa maradhi.

Ngozi yenye afya ina wakazi wake. Mwaka 2009 Elizabeth Grice, Julia Segre na wenzao nchini Marekani walichunguza sehemu 20 za mwili wa watu wazima wasio na ugonjwa, wakakuta kwapa lina jamii yake ya bakteria na mkono mkavu una yake. Uchachu wa ngozi, pH ya takriban 5, unawafaa wakazi hao. Mwaka 2017 kundi la Richard Gallo wa San Diego lilionyesha kuwa baadhi yao, akiwamo Staphylococcus hominis, hutoa vijiprotini vinavyomuua Staphylococcus aureus, na kwamba wenye pumu ya ngozi wamepungukiwa na walinzi hao. Ndiyo maana S. aureus hupatikana kwenye ngozi iliyoathirika ya wagonjwa wapatao 70 kwa kila 100. Tena hakai kimya: utafiti wa Harvard wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa kimeng'enya chake huziamsha neva za mwasho moja kwa moja. Kumgombeza mtoto aache kujikuna ni kumwonea.

Je, ukuta wa ngozi unabomokaje hadi S. aureus apate nafasi? Ulaya jibu lililopata sifa tangu 2006 ni hitilafu za kurithi katika jeni ya filagrini, protini ya ukuta huo. Lakini wagonjwa wa Ethiopia walipochunguzwa, katika utafiti uliochapishwa 2011, hitilafu hizo karibu hazikuonekana. Kwa hiyo Afrika Mashariki tuna sababu ya kutazama zaidi yale yanayoifikia ngozi kutoka nje.

Na Simiyu hayo si machache. Kiangazi ni kirefu, hewa ni kavu, vumbi halikosi. Sabuni iliyo karibu ni ya mche, ileile ya kufulia, iliyopikwa kwa mafuta na kostiki, yenye pH ya 9 au zaidi. Kila ikipita mwilini huondoa mafuta ya ngozi na kuzima uchachu wake kwa saa kadhaa, na S. aureus hustawi zaidi uchachu unapopungua. Mama anayemsugua mwanawe mara tatu kwa siku kwa nia njema anamtengenezea adui mazingira.

Hatua inayofuata ni duka la dawa muhimu, na tyubu yenye dawa tatu kwa mpigo: steroidi, antibiotiki na dawa ya fangasi. Mwasho unatulia, sifa inakwenda kwa antibiotiki. Sifa hiyo si yake. Watafiti wa New York walichapisha mwaka 2016 matokeo ya watoto waliopakwa steroidi peke yake na wengine walioongezewa maji ya kuoga yenye dawa ya kuua vijidudu: bakteria wa ngozi walirudi kwenye hali ya kawaida katika makundi yote mawili, na nyongeza ile haikuleta tofauti ya maana. Uvimbe ukitulizwa, wakazi hurudi wenyewe. Antibiotiki ya kupakwa ovyo inaua mlinzi pamoja na mvamizi, na kuzalisha usugu. (Steroidi kali nayo si ya kuchezea, waliotumia mkorogo wanazijua alama zake.)

Tiba ya msingi basi ni ya bei nafuu: kuoga kwa muda mfupi, sabuni kidogo isiyo kali, kisha mafuta ya mgando mwili ungali na unyevu, na steroidi hafifu kwa siku chache mwasho unapopanda. Chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi, kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1992, kimefundisha maofisa tabibu kwa miaka mingi. Elimu hiyo ingefika pia kwa muuzaji wa duka la dawa, maana ndiye daktari wa kwanza wa vijiji vya Itilima na Meatu.

Antibiotiki inabaki na nafasi yake. Usaha, maganda ya rangi ya asali, homa, au malengelenge yanayoenea haraka ni maambukizi, na hapo tyubu ya dukani haitoshi: mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.