Rais wa Muda na Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini

Wanaosimulia safari ya Ali Hassan Mwinyi aghalabu huitaja bahati. Januari 1984, hali ya hewa ya kisiasa ilipochafuka Zanzibar na Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, akajiuzulu katika kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM mjini Dodoma, Mwinyi ndiye aliyekabidhiwa kiti kama Rais wa muda. Aprili akachaguliwa. Novemba 1985 akaapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano, na mtu aliyedhaniwa wa kupita akakaa miaka kumi. Makala haya hayaridhiki na maelezo ya bahati. Ushahidi wa maelezo mengine unatafutwa mbali na Kisiwandui, makao ya CCM Zanzibar, katika mashamba ya Iringa na Mbeya.

Mwinyi hakuwa mgeni wa siasa. Alitoka ualimu, akawa waziri wa Afya, kisha wa Mambo ya Ndani. Mwaka 1977 alijiuzulu baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga, makosa yaliyotendwa na watu walio chini yake. Akapelekwa Misri kuwa balozi, akarudi tena uwaziri. Kwa hiyo alifika mwaka 1984 akiwa na jina lakini hana kambi. Jumbe alisimamia hoja ya Muungano wa serikali tatu. Waliomwangusha nao walikuwa na kundi lao, na Seif Sharif Hamad akaibuka Waziri Kiongozi. Kati yao alihitajika mzoefu ambaye kuingia kwake hakungesomwa kama ushindi wa upande wowote.

Uzito wa Mwinyi kujiuzulu mwaka 1977 unaonekana vizuri zaidi ukiwekwa kando ya Ismani. Huko, siku ya Krismasi mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima Saidi Mwamwindi katika mvutano uliotokana na ujamaa mashambani. Zama zile zilimsifu kiongozi wa kusukuma. Mwinyi hakuwa wa mbegu hiyo, na ni kosa kudhani kwamba upole wake ulimaanisha hangeweza kubomoa kitu.

Alichokuja kukibomoa kiliwagusa sana watu wa Nyanda za Juu Kusini. Tangu katikati ya miaka ya 1970, Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilinunua mahindi bila kumtwisha mkulima gharama za umbali. Mbeya iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, lakini mkulima wake hakuadhibiwa na barabara. Hata utaratibu wa bei uliporekebishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mzigo wa usafiri ulibaki kwa serikali. Mbolea nayo ilikuwa nafuu. Ndipo Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikawa ghala la nchi. Ilikuwa sera ya gharama kubwa mno, na NMC ilizama kwenye madeni. Lakini mwanasiasa ambaye kura na marafiki zake wangekuwa Mbozi au Njombe asingethubutu kuigusa.

Mwinyi aliigusa. Agosti 1986 serikali yake ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1987 vizuizi vya kusafirisha nafaka kati ya mikoa vikaondolewa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 bei za kupangwa zikaachwa na ruzuku ya mbolea ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi ikaisha. Mtu anaweza kupinga kwamba mlango ulifunguliwa na bajeti ya Waziri wa Fedha, Cleopa Msuya, ya Juni 1984, Nyerere akiwa bado Ikulu. Ni kweli. Lakini bajeti ile iliulegeza mfumo tu. Kuuvunja kulimngoja mtu asiye na deni kwa walioujenga wala kwa waliokuwa wakiufaidi.

Na nani angewasemea wakulima hao? Jina kubwa kuliko yote la Iringa bungeni lilikuwa la Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa na mtemi wa zamani wa Wahehe. Karibu kipindi chote cha Mwinyi, hadi 1994, yeye alikuwa Spika: mtu pekee ukumbini ambaye kiti chake kilimkataza kushika upande.

Mageuzi hayo hayakuwa hasara tupu. Mkulima aliyekuwa akingoja malipo ya NMC kwa miezi sasa aliuza na kushika fedha papo hapo. Ila mnunuzi aliyefika na lori Makambako alipima kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, akakata bei kadiri ya umbali, na aliyekuwa mbali na barabara ya lami hakuwa na wa kubishana naye. Mwaka 2003, Benjamin Mkapa akiwa Ikulu, ruzuku ya mbolea ilirejeshwa, ikielekezwa zaidi kwenye mikoa ileile ya Nyanda za Juu Kusini.