Kopa, shupaza, uru, pau: Taroti ya kubandika kwa mkono, na kikombe cha Samunge

Kama unacheza karata, sehemu kubwa ya taroti unaijua tayari. Kopa, shupaza, uru na pau ni maneno tuliyoyapata kwa Wareno, na kwao ni vikombe, panga, dhahabu na marungu. Kwenye karata za kawaida vitu hivyo havionekani. Kwenye taroti vimechorwa wazi.

Taroti ni seti ya karata 78: 56 za makundi hayo manne, 14 kila moja, na 22 za picha zenye majina kama Mjinga, Gurudumu la Bahati, Mnara na Jua. Ilianza kama mchezo tu, kaskazini mwa Italia, karne ya 15. Kubashiri kulishika kasi Ufaransa karne ya 18. Seti inayoigwa sana ni ya Pamela Colman Smith, iliyotoka London mwaka 1909.

Kutengeneza yako, si lazima ujue kuchora. Unakata picha za magazeti na kalenda za zamani, unabandika. Kazi ngumu ni kuchagua, kwa sababu karata ya taroti husomwa pande mbili: ikitoka imesimama ina maana moja, ikitoka kichwa chini inageuka.

Chukua ree ya kopa, karata ya uponyaji na mwanzo mpya. Kwa Mtanzania aliyefuatilia habari mwaka 2011, kikombe ni kimoja tu: kile cha Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kijijini Samunge, Loliondo. Sh500 kikombe kimoja, dawa ya mti wa mugariga. Magari yalipanga foleni kilomita na kilomita.

Kikisimama ni tumaini. Kikigeuka ni wale waliofia kwenye foleni, na wagonjwa walioacha dawa za hospitali wakiamini wamepona. Babu alifariki Julai 2021, na hadi leo watu hawajaelewana kuhusu kikombe kile. Ndiyo maana picha hiyo inafaa kuliko kikombe cha dhahabu cha Ulaya.

Gurudumu la Bahati? Tairi la Land Cruiser lililozama kwenye tope. Mnara, karata ya kuporomoka ghafla, ni Ol Doinyo Lengai, volkano ya wilaya hiyohiyo iliyolipuka 2007.

Sasa kazi yenyewe. Kata manila zote 78 kwanza, sentimita 7 kwa 12, kabla hujagusa gundi. Panga picha bila kubandika, ziache hata siku mbili, utabadilisha mawazo. Gundi iwe nyembamba maana karatasi ya gazeti hujikunja, kisha lalisha karata chini ya vitabu vizito usiku kucha. Migongo yote ifanane, la sivyo utazitambua kabla ya kuzifunua (na hapo mchezo umekwisha).

Usibandike sura ya jirani au ndugu. Ramli chonganishi, ile ya kumtaja mtu kuwa ndiye mchawi, imeua vikongwe nchini, na Sheria ya Uchawi inakataza kumtuhumu mtu hivyo. Ukitaka kuuza nakala, picha za magazeti zina wenyewe: piga zako kwa simu, chapisha stesheneri.