Kipupwe na Majira ya Kupanda katika Nchi ya Lusangi

Kamusi za Kiswahili sanifu huleta neno kipupwe kwa maana ya majira ya baridi, takriban Juni hadi Agosti, yanayofuata masika. Maelezo hayo ni ya pwani, ambako mwaka una mvua mbili, masika na vuli. Lusangi na vijiji vingine vya Kasongo na Kabambare viko bara, yapata digrii 4 hadi 5 kusini mwa Ikweta. Huko mvua huanza karibu na Septemba na kuendelea hadi Mei. Kisha huja miezi ya ukavu, yenye asubuhi za baridi.

Misafara ya karne ya 19, ile ya Tippu Tip ikiwamo, ilifikisha Maniema Kiswahili pamoja na mpunga. Lugha ilipokelewa pamoja na majina yake ya majira. Mpunga ulilazimika kufuata mvua za mahali. Wala isidhaniwe kwamba baridi ndiyo iliyomzuia mkulima kupanda Julai. Baridi ya huko haiui mbegu. Kilichokosekana ni maji. Hata hivyo, miezi hiyo ndiyo iliyoamua upandaji. Ndiyo miezi ya kufyeka, kukata miti na kuiacha ikauke, ili ichomwe kabla ya mvua na majivu yake yarutubishe udongo. Aliyechelewa kufyeka alikutwa na mvua za kwanza huku miti yake ingali mibichi, nayo haishiki moto.

Mpangilio huo ulivurugwa na pamba. Sheria ya 1917, iliyotetewa na Edmond Leplae, mkurugenzi wa kilimo wa Kongo ya Kibelgiji, iliruhusu serikali kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao yaliyoamriwa, hadi siku 60 kwa mwaka. Mvua huchafua nyuzi za pamba. Kwa hiyo katika kanda ya kusini ilipandwa karibu na Desemba na Januari, vitumba vipasuke wakati wa ukavu. Kwa hesabu ya pamba peke yake, shauri hilo halikuwa na kosa. Lakini miezi ya kufyeka shamba la chakula ikawa pia miezi ya kuchuma pamba, kuichambua na kuibeba hadi sokoni, na kazi iliyokuwa na adhabu ya kisheria ndiyo iliyotangulizwa. Mwaka 1942, kwa sababu ya vita, siku 60 zilifanywa 120.