Kutoka Risasi Moja hadi Kumi: Magazini ya Bunduki katika Historia ya Afrika Mashariki

Wanafunzi wengi wa historia katika ukanda wetu wamefundishwa kwamba wakoloni walishinda kwa sababu walikuwa na bunduki, na wenyeji walikuwa na mikuki na mishale. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Hapa Uganda, Kabaka Muteesa wa Kwanza, aliyefariki mwaka 1884, alikuwa na watu wenye bunduki katika jeshi lake. Kule Unyamwezi, Mirambo alipigana na wafanyabiashara wa Tabora katika miaka ya 1870, na pande zote mbili zilikuwa na bunduki. Ikiwa bunduki zilikuwapo kwetu kabla ya ukoloni, basi kuna jambo jingine la kuelezwa. Katika insha hii ninajadili jambo hilo kwa kuangalia sehemu moja ndogo ya bunduki, yaani magazini, na namna watu walivyoiongeza, walivyoifunga, au walivyolazimika kufanya kazi bila kuwa nayo.

Nianze na neno lenyewe, maana sisi ni wanafunzi wa Kiswahili. Magazini ni kisanduku au mrija unaoshika risasi ndani ya bunduki. Neno hili limetufikia kupitia Kiingereza, lakini asili yake ni Kiarabu, makhzan, yaani ghala. Mzizi huohuo ndio uliotupa neno hazina. Kwa hiyo magazini na hazina ni ndugu wa ukoo mmoja, ingawa moja liliingia Kiswahili moja kwa moja na jingine lilizunguka Ulaya kwanza. Gobore, kwa upande wake, ni bunduki isiyo na ghala lolote. Mwenye gobore humimina baruti mdomoni mwa mtutu, hushindilia, huweka risasi, kisha hufyatua mara moja tu na kuanza upya.

Hatua ya kwanza ya kuliacha gobore haikuhitaji bunduki mpya. Waingereza walikuwa na bunduki nyingi za Enfield za kupakiwa mdomoni. Mnamo 1866 waliamua kuzikata sehemu ya nyuma na kufunga kizibo chenye bawaba, ili risasi iingizwe kwa nyuma. Bunduki hiyo ikaitwa Snider. Kwetu ina historia yake, kwa kuwa Kapteni Lugard alipokuwa Kampala aligawa Snider kwa upande wa Waprotestanti kabla ya vita vya Mengo vya tarehe 24 Januari 1892. Tukitaja vita hivyo, kwa kawaida tunakumbuka bunduki ya mashine ya Maxim. Tusisahau pia bunduki hii kuukuu iliyogeuzwa, ambayo huko Uingereza ilikuwa imeshapitwa na wakati.

Hatua ya pili ilikuwa bunduki ya bolti. Hii hufungwa nyuma kwa chuma kinachosukumwa na kuzungushwa kama komeo la mlango. Wajerumani walikuwa na Mauser ya mwaka 1871. Askari alivuta bolti, ganda tupu likaruka, akachukua risasi nyingine mfukoni, akaiweka kwa mkono, akasukuma bolti, ndipo akalenga tena. Mwaka 1877, katika mzingiro wa Plevna, wanajeshi wa Uturuki waliwapiga Warusi vibaya. Kwa mbali walitumia bunduki za risasi moja, na kwa karibu wakatumia Winchester zenye risasi nyingi. Baada ya hapo majeshi ya Ulaya yalitaka magazini, lakini maghala yao yalikuwa yamejaa bunduki za risasi moja ambazo zilikuwa bado nzima. Kuzitupa kungekuwa hasara kubwa.

Ndipo zikaja marekebisho. Wajerumani walichukua umbo la Mauser ya 1871 na kuliongezea mrija wa risasi 8 chini ya mtutu, na kuanzia 1884 wakawa na bunduki ya 71/84. Waitaliano walikuwa na Vetterli ya 1870. Uswisi, kulikotoka muundo huo, iliitengeneza ikiwa na magazini, lakini Waitaliano waliichukua bila magazini. Mwaka 1887 walirudi nyuma na kuzifungia bunduki zao kisanduku cha risasi 4 kilichobuniwa na ofisa wao aliyeitwa Vitali. Waholanzi nao walitumia kisanduku hichohicho kwa Beaumont zao mwaka uliofuata.

Waingereza walifuata njia nyingine. Mwaka 1888 walipokea Lee-Metford, yenye kisanduku cha springi kilichobuniwa na James Paris Lee. Mwanzoni kilibeba risasi 8, baadaye 10. Ajabu ni kwamba juu ya kisanduku hicho waliweka kipande cha bati cha kukifunga. Askari aliamriwa apige risasi moja moja kwa mkono huku magazini ikiwa imejaa na kufungwa, na aifungue tu hatari inapozidi. Wakubwa waliogopa kwamba askari mwenye risasi kumi karibu na kidole atazimaliza ovyo. Kipande hicho kiliendelea kutumika kwa miaka mingi, na kikaondolewa katika Vita Kuu ya Kwanza ili kurahisisha utengenezaji. Kwangu mimi, kipande hicho cha bati ni ushahidi kwamba suala la magazini lilikuwa pia suala la kuaminiana. Nani aaminiwe kuwa na risasi nyingi?

Kwa Mwafrika, jibu la Ulaya liliandikwa kwenye sheria. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, ambao tunaufahamu zaidi kwa habari za biashara ya watumwa, ulipiga marufuku kuingiza silaha za kisasa katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta. Bunduki zilizoweza kuruhusiwa kwa biashara ni zile za jiwe la kuwashia, zisizo na michirizi ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, gobore. Hapa ndipo ile kauli ya mikuki na bunduki inapohitaji kusahihishwa. Katika mwaka huohuo ambao majeshi ya Ulaya yalikuwa yakishindana kuongeza risasi kwenye magazini, mataifa hayo yalikubaliana kwamba sehemu kubwa ya Afrika ibaki na risasi moja. Pengo hilo liliwekwa kwa makusudi.

Hata hivyo, sikubaliani na anayesema kwamba magazini peke yake iliamua vita. Nitatoa mifano miwili. Wa kwanza ni Adwa, tarehe 1 Machi 1896. Askari wengi wa Italia walibeba Vetterli zilizofungiwa kile kisanduku cha Vitali. Walishindwa na jeshi la Mfalme Menelik, ambaye alikuwa amekusanya bunduki za aina mbalimbali kutoka Ufaransa, Urusi, na hata Italia yenyewe. Menelik alikuwa na watu wengi, silaha nyingi na risasi za kutosha, na hayo yalizidi tofauti ya visanduku.

Mfano wa pili ni Tanga, Novemba 1914. Askari wengi wa Kiafrika katika jeshi la Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya 1871, ile ya risasi moja, miaka zaidi ya arobaini baada ya kubuniwa. Baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali mpigaji alipo. Upande wa pili ulikuwa na watu wapatao 8,000 kutoka India, wenye Lee-Enfield za risasi 10. Lakini vikosi vingine vilikuwa vimekabidhiwa bunduki hizo muda mfupi tu kabla ya kusafiri, na havikuzizoea. Wale askari, wakiwa kama 1,000, waliwarudisha baharini. Waingereza waliacha bunduki kwa mamia, bunduki za mashine 16 na risasi zaidi ya laki tano, na silaha hizo zikatumiwa na Wajerumani kuwapa askari wao bunduki za kisasa. Aprili 1915 meli iitwayo Rubens iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na silaha nyingine. Ilishambuliwa, na risasi nyingi zikalowa maji ya chumvi. Ilibidi zifunguliwe moja moja, zikaushwe na kusafishwa. Hata bunduki bora haikuwa na faida ikiwa hakuna cha kujaza.

Mfano wa mwisho unatoka kwa jirani zetu wa Kenya, na ndio unaonigusa zaidi. Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na bunduki chache walizoteka. Mafundi wao wakatengeneza nyingine kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na vipande vya mpira. Ukizitazama utaona kwamba walielewa vizuri kanuni ya bolti. Lakini zilikuwa bunduki za risasi moja, na mara nyingine zilimlipukia mwenyewe mkononi. Risasi zenyewe zilipatikana kwa shida. Chini ya sheria za hali ya hatari, kukutwa na risasi kungeweza kumpeleka mtu kwenye kamba, na watu zaidi ya elfu moja walinyongwa kwa makosa mbalimbali ya vita hivyo. Mpiganaji wa msituni aliyebeba bunduki ya bomba alikabiliana na askari wa King's African Rifles mwenye silaha ya kiwandani iliyojaa. Ilikuwa kana kwamba ile sheria ya 1890 ingali hai, ingawa wakati huo hakuna aliyeitaja tena.

Nikiweka mifano hii pamoja, naona mambo mawili. Kwanza, ufundi haukuwa wa upande mmoja. Fundi wa kiwandani aliyefunga kisanduku kwenye Vetterli kuukuu na fundi wa Nyandarua aliyegeuza komeo kuwa bolti walikuwa wakifanya kazi ya aina moja, yaani kukifanya kilichopo kitimize kisichokuwepo. Tofauti ni kwamba wa kwanza alikuwa na serikali nyuma yake na wa pili alikuwa na kitanzi mbele yake. Pili, magazini ina nguvu kwa kiasi cha ghala linaloijaza. Menelik alikuwa na ghala. Askari wa Tanga walilipata kwa kuliteka. Mau Mau hawakulipata.

Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba tunapoandika au kufundisha kuhusu ukoloni, tuache kutaja bunduki kama kitu kimoja. Tuulize ilikuwa bunduki gani, ilishika risasi ngapi, zilitoka wapi, na ni sheria ipi iliyomruhusu au kumkataza mtu kuwa nayo. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba mababu zake walishindwa kwa kuwa hawakujua bunduki hujifunza kuwadharau. Akionyeshwa mkataba uliowafungia mlango, na makomeo yaliyogeuzwa kuwa silaha, atajifunza historia ilivyokuwa.