Funga na Fungua: Historia Fupi ya Istilahi za Rilei katika Kengele za Moto

Mabishano juu ya istilahi mara nyingi hudhaniwa kuwa ni mchezo wa wasomi. Neno moja likikataliwa, jingine huundwa, na kazi huendelea. Lakini yapo maneno ambayo yakikosewa, mlango hubaki umeshikwa wakati watu wamo ndani na moshi umetanda. Makala hii inahusu maneno mawili ya namna hiyo, yaani *funga* na *fungua*, yanapotumiwa kueleza rilei za kengele za moto. Tutaanza na historia ya chombo chenyewe, kwa sababu ndiyo inayoonyesha utata huu ulitoka wapi.

Chombo na asili yake

Rilei ni swichi inayoendeshwa na umeme badala ya kidole. Ndani yake mna koili ya waya. Umeme mdogo ukipita katika koili, chuma kilichomo hugeuka sumaku, nacho huvuta kipande kingine cha chuma ambacho huunganisha au hukata njia ya pili ya umeme, aghalabu yenye nguvu kubwa zaidi. Joseph Henry wa Marekani alikuwa akifanya majaribio ya namna hii mwaka 1835. Samuel Morse na wenzake walikitumia chombo hicho katika simu ya maandishi, ambayo njia yake kati ya Washington na Baltimore ilizinduliwa mwaka 1844. Shida yao ilikuwa kwamba umeme hupungua nguvu kadiri waya unavyorefuka, kwa hiyo palihitajika kitu cha kuupokea ujumbe uliochoka na kuupeleka mbele kwa nguvu mpya. Jina walilokipa lilitokana na neno la Kifaransa la farasi wa kubadilishana vituoni. Fikra hiyo si ngeni kwetu: ndiyo ya mbio za kupokezana vijiti.

Waya huo ulifika kwetu mapema. Kebo ya chini ya bahari kutoka Aden ilifika Unguja mwaka 1879. Mwishoni mwa karne hiyo, njia ya simu ya kampuni ya Cecil Rhodes ilipanda kutoka Karonga kuelekea Abercorn, ikipita upande wa pili wa mpaka, si mbali na Tunduma ya leo. Wazee wetu hawakungoja kamati yoyote. Walichukua neno lenye asili ya Kiajemi lililomaanisha waya, wakasema *simu*. Tena walisema *kupiga simu*, kwa kuwa walilitaja tendo.

Kutoka reli hadi kengele ya moto

Mwaka 1852 mji wa Boston ulianza kutumia mtambo wa kutangaza moto kwa umeme, uliobuniwa na William Channing na Moses Farmer. Visanduku vya mitaani vilipeleka habari kwenye kituo kikuu, na kituo kikapiga kengele za mji. Miaka 20 baadaye, mwaka 1872, William Robinson alipata hataza ya njia ya umeme ipitayo katika reli zenyewe. Hapa ndipo ilipoingia kanuni kubwa. Umeme uliachwa upite wakati wote wa salama, nayo rilei ikabaki imevutwa. Garimoshi likiingia, au waya ukikatika, rilei huachia, na ishara hugeuka kuwa ya hatari. Kwa ufupi, chombo kikiharibika, kiharibike kwa kuelekea usalama.

Kanuni hii inawahusu sana wakazi wa mkoa wa Songwe, ambako reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, huvuka mpaka kuingia Zambia. Inawahusu pia kila mtu anayelala katika bweni. Moto wa Shauritanga mwaka 1994 uliua wanafunzi wasiopungua 40, na ule wa Idodi mwaka 2009 uliua 12. Mwaka 2007 Bunge lilitunga Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tangu hapo ukaguzi wa majengo umezidi kutiliwa mkazo, na pamoja nao maelezo ya mitambo yanayopaswa kufasiriwa.

Moduli na ncha zake

Katika mitambo ya siku hizi, paneli kuu huzungukwa na kitanzi cha waya mbili kilichobeba vitambuzi vya moshi, vibonyezo na moduli, kila kimoja kikiwa na namba yake. Moduli ya rilei hupokea amri ya paneli na kuitenda: husimamisha mapangaboi, hushusha lifti, au huachia mlango. Huwa na ncha tatu. Moja ni ya pamoja. Za pili na tatu huandikwa N.C. na N.O., na wafasiri huzieleza kuwa "imefungwa kwa kawaida" na "iko wazi kwa kawaida". Ncha hizi zina kikomo cha umeme zinachoweza kubeba. Mzigo mkubwa, kama pampu ya maji, haufungwi hapo moja kwa moja, bali hupitishwa katika kontakta.

Sasa tuitazame tafsiri hiyo. Kwa fundi wa umeme, njia "iliyofungwa" ndiyo ipitishayo umeme, na njia iliyo "wazi" haipitishi. Lakini Mswahili akisema *fungua redio*, anataka iwake. Akisema *funga redio*, anataka izimwe. Bomba likifunguliwa maji hutoka, na likifungwa maji hukoma. Kwa hiyo lugha ya watu na lugha ya ufundi zinapingana kabisa. Zaidi ya hayo, *kufunga mtambo* ni kuusimika, na *kufunga mlango* ni kuuzuia. Agizo "funga rilei ya mlango" laweza kusomwa kwa namna nne, na zote ni Kiswahili safi.

Hata maneno "kwa kawaida" yana mtego. Kwa mtengenezaji, kawaida ni hali ya koili isiyo na umeme. Lakini tumeona katika reli kwamba rilei yaweza kuvutwa mchana na usiku, na kuachia siku ya hatari tu. Kawaida ya chombo si lazima iwe kawaida ya jengo.

Mfano

Tuchukue mfano wa shule katika kata ya Mbebe, wilayani Ileje, itakayotaka kengele za moto na kufuli ya sumaku kwenye mlango wa dharura. Kufuli hiyo hushika ikiwa na umeme, na huachia umeme ukikatika. Waya wake wapaswa kupita katika ncha ya pamoja na ncha ya N.C., ili amri ya moto iukate. Fundi akielewa kwamba "iliyofungwa" maana yake imezimwa, atachagua ncha nyingine. Ataona kufuli haishiki. Akiwa na haraka, ataipa umeme moja kwa moja bila kupita katika moduli. Mlango utashika vizuri, mwenye shule ataridhika, na mtambo usipojaribiwa kwa kuamsha kengele, kosa halitajulikana ila siku ya moto.

Mapendekezo

Kiswahili kina jozi nyingine, iliyokwisha kuzoeleka kila nyumba. Umeme *hukatika*, umeme *huunganishwa*. Hakuna anayebabaika juu ya maneno haya. Wajerumani nao huziita ncha hizi kwa tendo zinalofanya zikipata amri, kama sisi tulivyosema *zimamoto*. Kwa hiyo tunapendekeza:

*rilei*: swichi inayoendeshwa na umeme wa koili.

*mguso wa kukata*: ncha zinazogusana koili ikiwa haina umeme, na kuachana ikipata umeme. Hii ni N.C.

*mguso wa kuunganisha*: ncha zilizoachana koili ikiwa haina umeme, na kugusana ikipata umeme. Hii ni N.O.

*hali tulivu*: hali ya koili isiyo na umeme, badala ya "kawaida".

*kusimika*: kuweka mtambo mahali pake, ili *kufunga* kubaki kwa milango.

Yafaa wafasiri waziache herufi za mtengenezaji kama zilivyo na kuandika istilahi kando yake, maana fundi atazikuta kwenye moduli. Walimu wa vyuo vya ufundi wazijaribu istilahi hizi mbele ya wanafunzi wenye rilei mkononi, si ubaoni tu. Nao watumishi wanaopitisha mikataba wadai maelezo yanayosema ni nini kitakatika na ni nini kitaunganishwa kengele ikilia. Neno litakaloeleweka hivyo na fundi wa Mbebe na mkaguzi wake kwa maana moja, hilo ndilo sanifu.