Bolti za Birmingham

Mimi ni injinia, lakini bolti kuukuu ilinishinda. Niliinunua kwa wachinjaji wa pikipiki Birmingham, kwa ajili ya Triumph yangu ya zamani. Ikaanza kuingia vizuri, kisha ikagoma. Nikailazimisha, ikang'oa meno ya aluminiamu ya injini.

Mkosi huo una historia. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza meno ya bolti yawe na pembe ya nyuzi 55. Mafundi wa baiskeli baadaye wakachagua 60. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zikakubaliana kipimo cha pamoja, nacho kikaingia Triumph taratibu mwishoni mwa miaka ya 1960. Ndiyo maana injini moja ya wakati ule yaweza kuwa na meno ya aina mbili tatu, na kwa macho zote ni ndugu!

Honda CB750 ya 1969 ilikuja na milimita zake. BSA ikamezwa 1973. Kiwanda cha Triumph cha Meriden kikafungwa 1983. Mabaki yakaishia kwa wachinjaji, bolti zote ndoo moja.

Mzee muuzaji aliniambia niijaribu kwanza kwa vidole, bila spana. Mimi, na digrii yangu, nilitabasamu tu.