Tabora: Kutoka Uani mwa Tembe hadi Stesheni

Mgeni apitaye Mtendeni, mtaa wa Tabora, huambiwa jambo na jina lenyewe: mtende wa tende si mti wa asili wa Unyamwezi, bali ulifuata njia ya misafara kutoka pwani. Mji nao uliumbwa na njia hiyo. Burton na Speke walipowasili Novemba 1857 na kukaribishwa na Snay bin Amir, hawakuona mitaa. Mahali walipopaita Kaze palikuwa na tembe chache kubwa zilizotengana, na mashamba kati yake. Burton hakukubali kuuita mji. Naona alikosea. Tembe ilikuwa ghala, baraza na nyumba ya wageni. Ilikuwa pia, wala hili lisifichwe, kifungo cha watumwa. Shughuli za mji zilikuwamo uani, si barabarani.

Misafara ilitoa hongo kwa watemi wa Unyanyembe. Januari 1893 Wadachi chini ya Tom von Prince waliiteka ngome ya Mtemi Isike, naye akawasha baruti yake kuliko kujisalimisha. Boma likashika mahali pa mtemi. Ikafuata sheria ya kodi ya nyumba ya 1897, na nyumba, ambayo zamani ilikuwa kipimo cha ukarimu wa mwenyewe, ikawa kipimo cha deni lake kwa serikali.

Husemwa sana kwamba reli iliyofika 1912 iliuinua mji. Kweli, ilileta stesheni na karakana; lakini mzigo uliochukuliwa vichwani kwa miezi mitatu au zaidi ukaja kwa siku chache, na njia ilipofika Kigoma 1914, ukaweza kupita Tabora bila kushushwa. Upagazi, kazi iliyompa Mnyamwezi sifa, ukafa.

Wabelgiji waliuteka mji Septemba 1916, kisha wakaja Waingereza. Hao katika miji ya Tanganyika walipanga sehemu tatu kwa kanuni za ujenzi: nyumba za namna ya Kizungu, za biashara, na za wenyeji. Ua uliokusanya watu wa kila kabila haukuwa na nafasi katika mpango huo. Wana wa wapagazi wakapanda gari la moshi kuelekea mashamba ya mkonge, wakiitwa manamba.

Kwihara, tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872 imejengwa upya, iwe makumbusho. Hapana tena mpagazi apatanaye ujira uani mwake.